Mtoto wa Pili wa Willy Loman

MHAKIKI: Tusizunguke. Mtu anayemkana baba yake mzazi mbele ya mwanamke ambaye hajamjua hata saa moja, kisha akamwacha mzee huyo akiropoka peke yake chooni mwa mkahawa, mtu huyo ana hatia. Ndiye Happy Loman. Tangu tamthilia ya Arthur Miller, Death of a Salesman, ilipopanda jukwaani New York tarehe 10 Februari 1949, watu wamejadili kifo cha baba, Willy, muuzaji aliyechakaa barabarani, na wamejadili anguko la kaka mkubwa, Biff. Huyu mdogo anaponyoka kila mara. Tunamcheka, tunamwonea huruma kidogo, tunampita. Nasema leo asimame ajibu.

MWIGIZAJI: Ajibu, Mwalimu, lakini tuanzie alipoanzia Miller. Nafasi ya Happy nimeicheza, naijua kwa mgongo wangu. Kabla ya mkahawa kuna uga wa nyumba ile ya Brooklyn, katika kumbukumbu za Willy, watoto wakiwa bado shuleni. Biff ni nahodha wa timu ya mpira, baba habanduki kwake. Happy analala chali, anazungusha miguu hewani kama mpanda baiskeli, anamwuliza baba kama ameona alivyopungua uzito. Anajibiwa kwamba kuruka kamba nako kunafaa. Basi. Baadaye kidogo analala tena, anazungusha tena, anauliza tena, na safari hii hajibiwi kabisa. Ukiwa chali pale jukwaani unaona taa tu. Baba humwoni, unamsikia akicheka na mwingine.

MHAKIKI: Huo ni utoto, na kila mtu aliwahi kuwa mtoto. Tunapokutana naye usiku ule wa kwanza ana miaka 32. Ana gari, ana nyumba ya kupanga, ana mshahara. Mwanamke aliyetoka naye jioni hiyo ni mchumba wa mtu, harusi yake imebaki wiki tano, na bwana harusi ni mkubwa kazini kwa Happy, anayetarajiwa kuwa makamu wa rais wa duka. Happy mwenyewe anamsimulia kaka yake kwamba huyo ni bosi wa tatu kumtenda hivyo, na kwamba harusi zao anakwenda! Anavaa suti, anampa mkono bwana harusi. Hapo hakuna mtoto anayelilia kuonwa. Kuna mtu mzima anayewaumiza waliomzidi cheo kwa kuwatumia wanawake, na wanawake wenyewe hata hawahesabu.

MWIGIZAJI: Anajichukia kwa hilo. Anasema.

MHAKIKI: Anasema anajichukia, na palepale anasema anapenda. Tena anafananisha jambo hilo na zile noti za dola 100 ambazo wenye viwanda humtolea ili oda ziende kwao. Kama anazipokea au hazipokei, hasemi waziwazi. Anakimbilia kwenye habari ya msichana. Anayejichukia kweli huacha, au walau hujaribu. Happy ameligeuza neno hilo kuwa ada: analipa kwa kujilaumu, kisha anarudia.

MZAZI: Niruhusuni na mimi. Si mtu wa vitabu, ni mama wa wavulana wawili, na kisa hiki nilikitazama katika filamu ya 1985, ile aliyocheza Dustin Hoffman. Kuna jambo lilinikaba nanyi mmelipita. Yule kijana anawaambia wazazi wake mara mbili kwamba anaoa. Mara ya kwanza mama yake anamwambia akalale. Mara ya pili ni saa ya mwisho kabisa, baba amelewa furaha kwa sababu Biff amelia kifuani mwake, na Happy anasema tena anaoa, anabadilika, mwaka hautaisha kabla hajaongoza idara nzima. Hakuna anayemwuliza anamwoa nani. Mwanangu akinitamkia neno hilo, hata kama ni saa nane za usiku, nitawasha taa nikae kitandani nimwulize: binti wa nani?

MHAKIKI: Hawaulizi kwa sababu wanajua ni uongo, Mama.

MZAZI: Na nani alimfundisha kwamba katika nyumba ile uongo unapita? Baba yao aliwatuma wakachukue mchanga kwenye jengo lililokuwa likijengwa jirani. Jirani yao Charley anaonya kwamba kuna mlinzi. Willy anaona fahari, kwa kuwa kaka yake Ben yupo na anataka amwonyeshe kuwa amezaa wanaume. Biff anapoiba mpira shuleni, Willy anacheka, anasema kocha atafurahi kuona bidii. Watoto walikuwa wawili pale. Mmoja alipongezwa, wa pili alikuwa anatazama, na anayetazama hujifunza vilevile.

MWIGIZAJI: Umemtaja Ben, Mama, na hapo ndipo paniumapo zaidi. Willy mwenyewe ni mtoto wa pili! Baba yao aliondoka Willy akiwa hajatimiza miaka minne, kisha Ben naye akaondoka kwenda kumtafuta. Willy akabaki na mama yake, na maisha yake yote akamtukuza kaka aliyekwenda. Hata Ben alipokwisha kufa anazungumza naye mchana kweupe, anamwomba amwambie kama anawalea wanawe sawasawa. Mtu aliyeachwa hivyo, aliyekulia kivulini mwa kaka, ndiye hasa aliyepaswa kumtambua mtoto wa kivulini nyumbani mwake. Hakumtambua. Alipowatazama wanawe alimtafuta Ben, akamwona kwa Biff, akaishia hapo. Kwa hiyo nikiulizwa nani alimuumba Happy, siwezi kumtaja Happy peke yake.

MHAKIKI: Hoja ya Ben naipokea, na nitaiongeza. Ben huyo anajigamba kwamba aliingia porini akiwa na miaka 17 akatoka na miaka 21 akiwa tajiri. Pori lenyewe ni Afrika, na utajiri ni migodi ya almasi. Umesikia hata mara moja akitaja mtu aliyechimba? Katika nyumba ya akina Loman Afrika haina watu, ina mali tu inayongoja mwanamume shupavu. Sisi tunaosoma kutoka huku hatuwezi kulipita jambo hilo kirahisi. Familia iliyozoea kusimulia utajiri bila kuona jasho la mtu, si ajabu ikalea kijana anayesimulia wanawake bila kuona nyuso zao. Ila malezi yanaeleza chanzo, hayafuti kosa. Na kwa Happy nasema zaidi: kule kutotazamwa kulikuwa nafasi yake ya kupona.

MWIGIZAJI: Kupona? Kwa kusahauliwa?

MHAKIKI: Ndiyo. Mtazame Biff. Alibebeshwa ndoto yote ya baba. Alipomfuma baba huyo na mwanamke katika hoteli ya Boston, kijana akavunjika hapohapo, akaacha kurudia hesabu alizofeli, akaacha chuo, akazurura miaka mingi akiiba na kufungwa. Happy hakuwa Boston. Hakubebeshwa chochote. Alikuwa huru kwenda atakako. Nyumba ya jirani kulikuwa na mtoto mwingine asiyepigiwa makofi, Bernard, mwana wa Charley, ambaye Willy alimdharau kwa udhaifu wake. Leo Bernard ni wakili, anakwenda kusimama mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Na Charley mwenyewe anamwambia Willy kwamba kilichomwokoa ni kutojishughulisha sana na jambo lolote. Basi kutotazamwa hakukumuua Bernard. Kwa nini kumuue Happy?

MWIGIZAJI: Kwa sababu Charley hakuwa na mwana mwingine wa kumpa alichomnyima Bernard. Njaa ya nyumba nzima ni shida. Njaa ya mtoto mmoja huku mwenzake anashiba meza hiyohiyo ni kitu kingine kabisa. Happy hakunyimwa pendo kwa kuwa halikuwepo. Alilishuhudia kila siku likienda kwa mwenziwe, tena mwenziwe anayempenda. Siku ya mchezo mkubwa katika uwanja wa Ebbets Field, Bernard anaomba abebe kofia ya Biff ya uwanjani. Happy anakataa katakata: kofia ataibeba yeye. Bernard anaachiwa pedi za mabega. Hicho ndicho cheo cha juu kabisa alichowahi kukipata katika familia yake, kubeba kofia ya mtu. Mwalimu unauita huo uhuru?

MHAKIKI: Nauita mwanzo. Mtu ana miaka mingi tangu siku ile ya kofia.

MZAZI: Mwanangu, umemtetea vizuri, na machozi yangu karibu yadondoke. Lakini sasa nitamgeukia huyo unayemtetea, maana kuna mahali mama hawezi kufumba macho. Fedha. Wiki tano Willy amekuwa hana mshahara, analipwa kamisheni tu kama aliyeanza kazi jana. Kila wiki anakwenda kwa Charley kukopa dola 50, akifika nyumbani anajifanya ni malipo yake. Linda, mkewe, anajua, ananyamaza ili asimvunje. Anapowafungukia wanawe, Happy anataka kujitetea kwamba alitoa fedha. Alitoa lini? Krismasi, dola 50! Kutengeneza maji ya moto tu kulimgharimu mama dola 97 na senti 50. Na yeye ana gari, ana nyumba yake, ana wanawake wa kuwanunulia shampeni. Hapo usiniambie habari za kuzungusha miguu hewani.

MWIGIZAJI: Alimpeleka baba Florida kupumzika.

MZAZI: Kwa nini alimpeleka?

MWIGIZAJI: Kwa sababu mzee alikuwa anaongea peke yake, na...

MHAKIKI: Malizia. Anasema mwenyewe kwamba hali ilikuwa inatia aibu. Alimpeleka mbali asionekane.

MWIGIZAJI: Sawa, ilimtia aibu. Lakini nani mwingine alikuwepo aione hiyo aibu? Biff alikuwa Texas anachunga farasi, barua zenyewe haandiki. Aliyekuwa anapita nyumbani, anayejua baba anaongea na nani usiku, aliyeliona lile bomba la mpira ambalo mzee alilificha karibu na gesi ili ajiue nalo...

MHAKIKI: Aliliona? Bomba aliligundua Linda. Happy aliambiwa usiku uleule alioambiwa Biff. Na aliyekwenda kulitoa ni Biff. Kesho yake mkahawani Biff analitoa mfukoni, anamwekea mdogo wake mezani, anamsihi amsaidie baba, kwa sababu anaona kwamba Happy hajali. Na Happy anajibu nini? Anarudisha lawama: nani anayekimbia kila mara?

MWIGIZAJI: Na si kweli? Mwalimu, soma ukurasa ule hadi mwisho. Anayetoka kwanza mkahawani ni Biff! Baba yuko chooni, ameanguka tena ndani ya Boston yake, na mwana mpendwa anashindwa kustahimili, anatoka mbio. Happy anamfuata pamoja na wanawake wawili waliokutana nao pale. Wote wawili walimwacha. Lakini Biff tunamsamehe kwa kuwa alilia, Happy tunamhukumu kwa kuwa alitabasamu.

MHAKIKI: Tunamhukumu kwa alichosema mlangoni. Mwanamke aliuliza kama hawatamwambia baba. Happy akajibu kwamba yule si baba yake, ni mtu tu. Hakulazimishwa. Hakuwa na kisu shingoni. Ameshamwambia mwenzake wa mwanamke huyo kwamba anauza shampeni, kwamba alisoma chuo cha kijeshi cha West Point, kwamba kaka yake anachezea New York Giants. Katika mlolongo ule wa uongo baba halisi, mgonjwa, aliyefukuzwa kazi asubuhi hiyohiyo, hakupata pa kukaa. Ikabidi afutwe. Na tazameni nani alibaki na mzee: mhudumu Stanley, mtu baki, ambaye Willy anapompa fedha anamrudishia kimyakimya mfukoni bila mzee kujua. Mgeni alitoa heshima ambayo mwana wa kumzaa hakutoa.

MZAZI: Na yule msichana wa pili, Letta, alikuwa anasema lazima aamke mapema kwa sababu kesho ana zamu ya kukaa baraza la mahakama. Nilipolisikia nikajiambia huyu mwandishi hakuliweka bure. Mtu wa kuhukumu wenzake kesho asubuhi yuko pale, anakula na kunywa, mzee anaachwa mbele ya macho yake.

MWIGIZAJI: Basi na sisi tuwe waangalifu tunapokaa kuhukumu, Mama.

MZAZI: Mimi sihukumu, nahesabu. Wanarudi usiku. Happy amebeba waridi amletee mama. Maua! Linda anayapiga yanaanguka chini. Anawafukuza wote wawili, anamwambia Happy ayaokote, yeye si kijakazi wake tena. Na Happy anafanya nini? Anageuza mgongo. Anayeinama kuokota ni Biff. Nimelea watoto wawili wa kiume, naapa katika kuinama kule ndimo nilimoona tofauti yao. Biff pia alikosa, pengine alikosa zaidi, lakini mgongo wake ulipinda.

MWIGIZAJI: ...Hapo sina jibu, Mama. Nimecheza tendo lile kwa namna nyingi. Nimejaribu kuugeuza mgongo kwa aibu, nikajaribu kwa hasira. Kila mara ukumbi ulinichukia, na nilijua wana haki.

MHAKIKI: Kwa sababu Miller alilipanga hivyo. Katika maelezo yake ya mwanzo anasema ndugu hawa wote wamepotea, ila Happy hajawahi kujiruhusu kuukabili ushinde uso kwa uso, na kwa hiyo ngozi yake imekuwa ngumu zaidi. Usiku uleule Biff anaamua kusema kweli. Anasema nyumbani mwao haijawahi kusemwa kweli hata dakika kumi. Happy anapinga, eti walisema kweli siku zote. Biff anamgeukia: wewe ni afisa manunuzi msaidizi? Si wewe ni mmoja wa wasaidizi wawili wa huyo msaidizi? Na Happy, badala ya kukubali, anaanza kujitetea kwamba karibu tu angekuwa. Mlango ulikuwa wazi. Kaka yake alimfungulia kwa mikono miwili. Hakuingia.

MWIGIZAJI: Hakuingia kwa sababu ndani hapakuwa na kitu chake. Biff akisema kweli anakumbatiwa, baba anagundua kwamba mwanawe anampenda. Biff akidanganya anapendwa, akikiri anapendwa. Happy angekiri nini, na nani angemsikiliza? Palepale baba akaamua kufa ili Biff apate dola 20,000 za bima. Biff, Mwalimu. Hata kifo chake Willy alimpa mkubwa.

MHAKIKI: Twende makaburini basi, maana huko ndiko kesi yangu inakoishia. Biff anasema baba alikuwa na ndoto zisizo sahihi na hakujijua. Happy anapandwa na hasira. Anaapa kubaki mjini hapohapo na kuushinda mchezo uliomuua baba, anasema ndoto ya Willy ilikuwa njema, kuwa namba moja, naye ataishinda kwa niaba yake. Mwaka huohuo wa 1949 Miller aliandika makala akitetea kwamba mtu wa kawaida naye anastahili tanzia sawa na wafalme, kwa sababu yuko tayari kuutoa uhai wake kulinda utu wake. Kwa kipimo hicho Willy anastahili. Biff anastahili, kwa kuwa aliutoa uongo wake. Happy ametoa nini? Ameuchukua ugonjwa wote akauita urithi, na kesho ataupeleka kazini.

MWIGIZAJI: Ameuchukua kwa sababu ndicho kitu pekee cha baba ambacho kaka hakukitaka. Fikiri, Mwalimu! Upendo ulikwenda kwa Biff, fedha ya bima ilikusudiwa Biff, majonzi yenyewe yalikuwa juu ya Biff. Imebaki ndoto, imetupwa pale kaburini. Mtoto aliyewahi kupigania kofia ya mwenzake angeiachaje? Kwa mara ya kwanza anasema neno juu ya baba na hakuna anayemtangulia.

MHAKIKI: Na neno hilo litamuua. Litawaua na wengine, yule mchumba wa wiki tano, na wa nne atakayefuata.

MZAZI: Mnagombania roho yake, nami nawaza nyumba. Rehani waliyoilipa miaka 25 imekwisha siku ya maziko, nyumba ni yao, na ndani amebaki mjane peke yake. Biff anaondoka, yeye kwake ni huko nje kwenye mashamba. Nyote mmempenda Biff kwa kuwa amejijua. Vema, amejijua na anakwenda zake. Homa ikimshika Linda usiku, atampigia nani simu? Aliye karibu ni Happy.

MHAKIKI: Atapokea simu, Mama. Atasema yuko njiani.

MZAZI: Najua. Ndiyo maana sitaki asamehewe upesi, wala sitaki atupwe. Akisamehewa hatakuja, akitupwa hatakuja.

MWIGIZAJI: Pale mwisho Biff anamwinua Linda wanatoka. Charley na Bernard wanafuata. Happy anatoka wa mwisho, nyuma hata ya majirani. Kila onyesho najiuliza nitoke vipi.

MHAKIKI: Ndipo unapopaswa kuamua. Unatoka ukiwa umekiamini kiapo chako, au ukijua kwamba umedanganya tena?

MWIGIZAJI: Nakiamini chote. Na hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa anadanganya, siku moja angeweza kuacha.

MZAZI: Kama anakiamini, sawa. Aanze na zile dola 47 na senti 50 zilizopungua kwenye maji ya moto, ampelekee mama yake kwa mkono wake, kisha ndipo aniambie habari ya kuwa namba moja.